Kuanzia Kampala: benki, ukaguzi, mfuko wa uwekezaji au Nairobi?

Tuanze na hesabu. Kati ya 2012 na 2023, matoleo makubwa ya hisa kwa umma katika Soko la Hisa la Uganda yalikuwa manne: Umeme (kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme) mwaka 2012, Cipla Quality Chemical mwaka 2018, MTN Uganda mwaka 2021 na Airtel Uganda mwaka 2023. Kila toleo lilikuwa na mshauri mkuu, dalali, wanasheria na wahasibu wake, lakini watu waliokesha na modeli ya fedha (hesabu za kukadiria thamani ya kampuni) wakibishana bei ya hisa iwe shilingi ngapi, sidhani kama wangejaza taksi mbili za Mukono.

Kwa upande wa pili, kila mwaka Makerere, MUBS, Kyambogo, Nkozi na UCU zinatoa wahitimu wa biashara, uchumi, takwimu na uhasibu. Wengi wao, ukiwauliza wanataka nini, watakutajia benki ya uwekezaji: kuzisaidia kampuni kupata mtaji kwa hisa, hatifungani (hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji) au mkopo mkubwa, na kusimamia kampuni moja inaponunua nyingine. Ni kazi nzuri na inalipa. Ila Kampala kazi yenyewe haitoshi kugawanywa kwa wote wanaoitaka, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kabla hata hujafika kwenye mitihani.

Sababu yake si siri. Serikali inakopa sana ndani ya nchi, na hatifungani zake za miaka 10 zimekuwa zikitoa riba inayozidi asilimia 15 katika miaka ya karibuni. Mwenye pesa akipata hiyo kwa mkopaji anayechapisha shilingi mwenyewe, utamwambia nini mpaka anunue hisa za kiwanda? Mwenye kiwanda naye mara nyingi ni familia, na hana hamu ya kuwafungulia wageni vitabu vyake vya hesabu. Kampuni ya nje ikihitaji mtaji, kampuni mama yake iko London, Mumbai au Johannesburg.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kuingilia, napima kwa swali moja kabla ya mshahara: katika miaka miwili ya mwanzo, mikataba halisi mingapi itapita mbele ya macho yako, na utaishika kwa mkono au utaisikia tu kwenye korido?

Benki kubwa

Huu ndio mlango ambao kila mzazi anaujua. Stanbic, Absa, Standard Chartered, Citibank, Centenary: jina likitajwa nyumbani, watu wanapiga makofi. Mshahara unaingia tarehe ileile, bima ya matibabu ipo, na mkopo wa mfanyakazi una riba nafuu kuliko anayopewa mteja. Kwa mtoto wa kwanza mwenye wadogo zake watatu shuleni, hayo si mambo madogo, na sitamcheka mtu anayechagua benki kwa sababu hizo.

Tatizo ni unakopelekwa. Programu ya wahitimu inakuzungusha idara mbalimbali, halafu benki ndiyo inayoamua mwisho wako uwe wapi. Unaweza kuomba kitengo cha makampuni makubwa ukajikuta tawi la Mbale ukifuatilia mikopo ya wafanyabiashara wa mahindi. Hilo nalo ni shule, usilidharau: anayejua kwa nini mfanyabiashara wa mahindi hakulipa anajua mengi kuhusu mikopo. Ila halikusogezi karibu na kitengo cha uwekezaji, ambacho katika benki za Kampala ni kidogo, na mara nyingi mkataba ukiwa mkubwa, modeli inajengwa Johannesburg au Nairobi, huku Kampala ikibaki na mteja, sheria za nchi na ukusanyaji wa nyaraka.

Mfano mzuri ni fedha za bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Awamu ya kwanza ya mikopo ilikamilika Machi 2025, na kati ya wakopeshaji walikuwapo Afreximbank na Standard Bank ya Afrika Kusini, pamoja na Stanbic Uganda na KCB Uganda. Majina ya Kampala yamo, lakini ukitazama mpangilio utaona uzito wa kazi ya namna hiyo hukaa makao makuu ya makundi ya benki.

Ndani ya benki kuna chumba kimoja ambacho ningekikimbilia: hazina, wanakouza na kununua fedha za kigeni na dhamana za serikali. Pale kuna kazi kila siku. Benki Kuu inaendesha minada ya dhamana mwaka mzima, na kijana anajifunza bei ya pesa kwa kasi ambayo hakuna darasa litampa. Si ushauri wa mikataba, lakini ni masoko halisi, na ukiwa na miaka mitatu pale hakuna atakayekuuliza ulisoma wapi.

Jambo jingine la kuangalia: benki zenyewe zinabadilika. mtaji wa chini wa benki za biashara ulipandishwa kutoka shilingi bilioni 25 hadi bilioni 150, tarehe ya mwisho ikiwa Juni 2024, na baadhi zikaamua kushuka daraja. Standard Chartered ilitangaza mwaka 2024 kwamba inataka kuuza biashara yake ya wateja wa kawaida Uganda na kubaki na makampuni. Benki inayoelekea huko itakuwa na nafasi chache kwa jumla, lakini hizo chache zitakuwa karibu na kazi unayoitaka.

Kampuni za ukaguzi

PwC, Deloitte, EY na KPMG zote zina ofisi Kampala, na zinachukua wahitimu kwa mafungu. Kwa asiye na mjomba popote, nadhani huu ndio mlango wa haki kuliko mingine: kuna mtihani wa kuingia, kuna usaili, na alama zako zinasema kitu.

Mshahara wa mwanzo ni mdogo kuliko wa benki, na kati ya Januari na Aprili hutaonekana kwenye arusi ya mtu. Benki zinatakiwa kuchapisha hesabu zilizokaguliwa ndani ya miezi minne baada ya mwaka kwisha, kwa hiyo mwisho wa Aprili ni ukuta, na wewe ndiye unayesukumwa kuelekea huo ukuta. Kwa malipo hayo unapata kitu kisichouzwa: unaona vitabu vya kampuni kwa ndani. Unajua mapato yanavyopikwa, deni linavyofichwa, na hesabu ya ghala isivyolingana na ghala. Mtu anayejenga modeli bila kuwahi kuona hayo anajenga nyumba nzuri kwenye karatasi tu.

Lakini ukaguzi si benki ya uwekezaji, na ukikaa sana unageuka mkaguzi. Lengo liwe kuhamia kitengo cha ushauri wa mikataba ndani ya kampuni hiyohiyo, ambako wanathamini kampuni zinazouzwa na kuchunguza vitabu kabla mnunuzi hajaweka sahihi. Uliza kuhusu uhamisho huo mapema, baada ya msimu wa pili, si baada ya kupandishwa cheo mara mbili. Meneja mzuri wa ukaguzi hakuachii upesi, maana anakuhitaji Januari.

Upande wa mnunuzi

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo, kwa sababu vijana wengi wanapapita.

Rudi kwenye toleo la MTN. Hisa ziliuzwa kwa shilingi 200 kila moja, zikakusanya takribani bilioni 535. Airtel ilipokuja miaka miwili baadaye kwa shilingi 100, zilipatikana kama bilioni 211. Katika yote mawili, mnunuzi mkubwa wa ndani alikuwa mmoja: Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mfuko huo una mali zinazozidi shilingi trilioni 20, na unakua kila mwezi, kwa sababu mwajiri anaweka asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 hata mwajiri mwenye wafanyakazi wachache anatakiwa kuchangia.

Sasa fikiri kama mshauri. SBG Securities ilikuwa dalali mkuu wa toleo la MTN, Crested Capital akawa dalali mkuu wa lile la Airtel. Aliyepata kazi ya moja hakupata ya pili. Ila mnunuzi mkubwa aliletewa zote mbili, pamoja na nyingine ambazo umma haukuzisikia kwa sababu zilikataliwa mezani. Katika soko lenye wauzaji wachache na mnunuzi mmoja mkubwa, anayekaa upande wa mnunuzi ndiye anayesoma kila faili. Kijana mchambuzi pale anaona modeli za washauri wote, anajifunza wapi wanapenda kutia chumvi, na anajua nini kinaifanya kamati ya uwekezaji ikatae.

Nafasi za NSSF ni chache na watu wanazivizia, sitakudanganya. Lakini upande wa mnunuzi ni mpana kuliko NSSF. Kuna mameneja wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na biashara yao imekua haraka tangu Waganda wa kawaida waanze kuweka akiba zao huko kwa simu. Old Mutual, ICEA Lion, Sanlam, Britam na XENO ni baadhi yao. Kuna mifuko ya pensheni ya waajiri. Kuna Pearl Capital Partners, ambao wamekuwa wakiwekeza katika biashara za kilimo kutoka Kampala, na ndio wanaosimamia mfuko wa Yield Uganda uliozinduliwa 2017. Kuna Benki ya Maendeleo ya Uganda, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ambayo makao yake makuu yako hapahapa mjini.

Kasoro ipo. Mifuko ya pamoja imeweka sehemu kubwa ya pesa kwenye dhamana za serikali, kwa hiyo unaweza kumaliza mwaka mzima ukiwa bingwa wa riba na hujathamini kampuni hata moja. Na wengi wanaanzia mauzo: unapewa fomu na kuambiwa utafute wateja kwenye vikundi vya akiba na makanisani. Kama tangazo la kazi linataja lengo la mauzo kabla ya kutaja uchambuzi, ujue ni kazi gani. Ichukue ukiwa huna nyingine, lakini ndani ya miezi michache omba kusaidia kuandika ripoti ya mwezi ya mfuko. Ripoti hiyo hakuna anayependa kuiandika, na ndiyo inayokupeleka karibu na mtu anayeamua pesa ziende wapi.

Madalali wa hisa

Nitapita upesi. Hisa zilizoorodheshwa Kampala hazifiki kampuni 20, na kadhaa kati ya hizo ni za Nairobi zilizoorodheshwa mara ya pili huku. Biashara ya siku moja inaweza kuwa ndogo mno, na kamisheni inafuata biashara. Faida ya dalali mdogo ni kwamba unafanya kila kitu, toleo likija utakuwa ndani hata ukiwa mchanga. Hasara ni miaka ambayo toleo haliji.

Nairobi, Johannesburg, London

Nairobi ndiko zilikokaa ofisi nyingi za mifuko binafsi inayowekeza Afrika Mashariki, na soko lake la hisa lilianza 1954, letu likapewa leseni 1997. Toleo la Safaricom la mwaka 2008 lilikuwa la hisa bilioni 10, na watu wakaomba mara kadhaa ya kiasi hicho. Vijana waliofanya kazi kwenye mkataba kama huo sasa ndio wakurugenzi.

Kwa Mganda, safari ni rahisi kwenye makaratasi: unavuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa, na ada ya kibali cha kazi baina ya Kenya, Uganda na Rwanda iliondolewa. Kibali chenyewe bado kinahitajika, na mwajiri bado anatakiwa aeleze kwa nini amekuchukua wewe akawaacha wahitimu wa Strathmore na Chuo Kikuu cha Nairobi waliojaa mlangoni. Jibu zuri ni kwamba unaijua Uganda: sheria zake za kodi, wamiliki wa viwanda vyake, lugha zake. Jibu hilo huwezi kulitoa ukiwa umemaliza chuo mwezi uliopita. Nairobi nenda ukiwa na miaka mitatu au minne ya Kampala mfukoni, si kabla. Johannesburg hali ni hiyo, ila viza na kodi ya nyumba ni kali zaidi. Njia laini ni kuhamishwa na kundi la benki unayoifanyia kazi tayari.

London na New York ni mchezo mwingine. Goldman Sachs mwaka 2024 ilipata maombi zaidi ya 300,000 ya mafunzo ya kiangazi duniani kote, na waliochukuliwa hawakufika mmoja katika kila 100. Wanaoingia wanafanya kazi saa ambazo mkulima wa Kapchorwa angeshangaa; JPMorgan ilipoweka kikomo kwa vijana wake mwaka huohuo, kikomo chenyewe kilikuwa saa 80 kwa wiki, na watu wakaona ni huruma.

Wanaokwenda kwa shahada ya uzamili wakitegemea kupata kazi huko wajue kalenda. Benki za London zinafungua maombi takribani mwaka mmoja kabla ya kazi kuanza. Ukitua Heathrow Septemba kwa kozi ya mwaka mmoja, dirisha la mafunzo ya kiangazi yanayofuata limeshafunguliwa, na wenzako walioanza kujiandaa Machi wako mbele yako. Ombi linatumwa ukiwa bado Kampala, au usilihesabu. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao wengi wanautaja kwa pumzi moja na London, unataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi kwanza, na unakutaka urudi nyumbani baada ya masomo na ukae angalau miaka miwili. Ni ufadhili mzuri sana kwa anayetaka kurudi kwenye kiti kikubwa Nakasero, mtaa wa ofisi za Kampala. Kwa anayetaka kubaki London, haufai. Na kuuza kiwanja cha familia ili kulipa ada kwa matumaini ya kazi ya benki, mimi nasema hapana, hata kama jirani aliuza na mwanawe akapata.

Mitihani: CFA, ACCA au CPA?

Vijana wanaanzia hapa, mimi nimepaweka mwisho makusudi.

CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu, na taasisi yenyewe inashauri kama saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Mwanafunzi anaweza kufanya ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi 23 au chini ya hapo kuhitimu. Ada inalipwa kwa dola, na kwa familia nyingi za huku ngazi moja ni sawa na karo ya muhula au zaidi, kwa hiyo omba kwanza ufadhili wao wa kupunguziwa ada. Upo, na wengi hawaombi. Hata ukifaulu ngazi zote, cheti hukipati mpaka uwe na saa 4,000 za kazi inayohusika. Yaani CFA inamnufaisha aliyekwisha kukaa kwenye kiti.

Vyeti vya uhasibu, yaani ACCA ya Uingereza na CPA ya hapa, inayosimamiwa na ICPAU (taasisi ya wahasibu Uganda), ndivyo matangazo mengi ya kazi za fedha Kampala yanavyovitaja, na kampuni za ukaguzi mara nyingi hukusaidia kulipia. Kwa anayeingilia ukaguzi, jibu limeshatoka. Kwa anayekwenda mfuko wa uwekezaji, fanya ngazi ya kwanza ya CFA tu, halafu subiri mwajiri alipe nyingine. Kwa anayekwenda hazina ya benki, sioni haja ya haraka ya yoyote. Jifunze Excel mpaka usiguse kipanya.

Kuna mtihani mwingine ambao ni bure. Waraka wa toleo la MTN na ule wa Airtel ni nyaraka za umma. Chukua mmoja, jenga modeli yako, pata bei yako, halafu andika kurasa mbili ukieleza kwa nini unakubali au unakataa bei iliyowekwa. Ukimaliza, jaribu swali la Umeme: mkataba wake wa kusambaza umeme uliisha Machi 2025, serikali ikalipa dola milioni 118 kama fidia ya uwekezaji ambao haujarudi, kampuni ikadai zaidi, na ugomvi ukaenda kwenye usuluhishi London. Hisa hiyo ilikuwa na thamani gani siku ile? Anayefika kwenye usaili na kurasa hizo mkononi sijawahi kuona akiulizwa kwanza baba yake ni nani.

Nani achague nini

Kama una watu wanaokutegemea mwezi huu, chukua benki, na pigania hazina au kitengo cha makampuni kabla mwaka wa pili haujaisha. Kama una alama nzuri na humjui mtu, nenda ukaguzi, ukiwa na tarehe ya kuondoka kichwani. Kama unaweza kuvumilia mshahara mdogo na unapenda kusoma, tafuta mfuko wa uwekezaji, hata kwa mafunzo ya likizo yasiyolipwa, mradi una pa kulala mjini. Nauli ya kutoka Entebbe kila siku kwa kazi isiyo na mshahara itakumaliza kabla ya Julai.

Na kama uko mwaka wa pili na bado hujachagua, barua za mafunzo ya likizo zipeleke Februari. Mei, wenye ofisi watakuwa wameshajaza viti, na wengine watakuwa wamempa mtoto wa mteja.